Jeni, Ubongo au Mapigo ya Moyo: Maelezo Gani ya Kibiolojia Yanafaa Kuegemewa Tunapoandika Kuhusu Uhalifu?

Mwanafunzi wa saikolojia, sheria au ustawi wa jamii anayetaka kuandika kuhusu chanzo cha uhalifu, akishaamua kuegemea upande wa mwili kuliko upande wa malezi na uchumi, hugundua mapema kwamba mbele yake hakuna nadharia moja bali ukoo mzima wa nadharia zisizoelewana. Wapo wanaosema kwamba mhalifu hurithi kitu kutoka kwa wazazi wake. Wapo wanaosema kwamba ubongo wake una hitilafu. Na wapo, wachache na wasiosikika sana, wanaotazama mfumo wa neva unaofanya kazi bila hiari ya mtu, hasa kasi ya moyo wake anapokuwa ametulia. Ulinganisho huu unahusu makundi hayo matatu, na umeandikwa kwa ajili ya yule anayelazimika kuchagua moja, kwa sababu insha inayoyagusa yote kwa aya mojamoja kwa kawaida huishia kuwa orodha ya majina na miaka.

Kigezo nitakachokitumia zaidi ni cha wakati: je, kile kilichopimwa mwilini kilipimwa kabla ya kosa au baada yake? Mtu aliyekwisha kufungwa huenda amekwisha kupigwa, kulewa kwa miaka, kuumia kichwa na kulala mahabusu, na kila kimoja kati ya hivyo huweza kuacha alama. Anayempima leo hawezi kujua kwa urahisi kama alama anayoiona ndiyo iliyomfikisha gerezani, au kama ameiokota njiani.

Nadharia ya kuwekwa kando, lakini si ya kusahauliwa

Daktari Mwitaliano Cesare Lombroso alidai mwaka 1876 kwamba yuko mhalifu wa kuzaliwa, mtu aliyerudi nyuma katika ngazi za mabadiliko ya viumbe, na kwamba anatambulika kwa taya kubwa, paji la uso lililolala na masikio yaliyochomoza. Wazo hilo, kwa maelezo yake mwenyewe, lilimjia alipolichunguza fuvu la mfungwa mmoja wa kusini mwa Italia na kukuta kishimo sehemu ya kisogoni, mahali ambapo hakukitarajia kwa binadamu. Charles Goring, daktari wa magereza wa Uingereza, alipochapisha mwaka 1913 vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 akiwalinganisha na watu wasio wafungwa, sura hiyo ya mhalifu haikuonekana. Hakuna sababu ya mtu kuiegemea leo.

Hata hivyo, msomaji wa Afrika Mashariki anayo sababu ya kuikumbuka. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha andiko la J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, ambamo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka uliofuata akaandika, kwa ajili ya serikali ya kikoloni ya Kenya, kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na uasi uliokuwa na madai ya ardhi na uhuru ukageuzwa kuwa suala la akili za watu fulani. Kwa hiyo mwandishi wa kwetu anapokutana na sentensi inayosema kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wa wahalifu haifanyi kazi ipasavyo, ana haki ya kuuliza maswali mawili zaidi ya yale ambayo mwenzake wa Ulaya angeuliza: ni wahalifu gani waliopimwa, na ni nani aliyewaita wahalifu?

Jeni dhidi ya ubongo

Nadharia ya urithi ina sifa ambayo nyingine hazina: jeni hutangulia kila kitu. Hakuna kipigo wala pombe inayopanga upya vinasaba ambavyo mtoto amezaliwa navyo. Kwa kigezo cha wakati, basi, ingepaswa kushinda bila mpinzani. Tatizo lake ni kwamba kwa miongo mingi watafiti hawakuwa na uwezo wa kuzipima jeni zenyewe, na badala yake walipima jamaa.

Utafiti wa mapacha unaotajwa zaidi ni ule wa Karl Christiansen uliochapishwa mwaka 1977, uliotumia rejista za Denmark na kuchunguza jozi 3,586 za mapacha waliozaliwa kati ya 1881 na 1910. Kwa mapacha wa kiume wa yai moja, yaani wenye jeni zilezile, miongoni mwa jozi ambazo angalau mmoja alikuwa na rekodi ya uhalifu, asilimia 35 zilikuwa na rekodi kwa wote wawili. Kwa mapacha wa kiume wa mayai mawili, wanaofanana kama ndugu wa kawaida tu, asilimia 13. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kubezwa, lakini asilimia 65 iliyobaki inasema jambo la pili ambalo wanafunzi hulisahau: watu wenye jeni zilezile, waliolelewa kwa kawaida katika nyumba ileile, mmoja alihukumiwa na mwenzake hakuhukumiwa. Tena mapacha wanaofanana huvalishwa sare, huchanganywa majina na walimu na hutembea na marafiki walewale, kwa hiyo hata malezi yao yanafanana kuliko ya mapacha wengine, na utafiti wa namna hii hauwezi kuyatenga mambo hayo mawili.

Watoto walioasiliwa hutupa nafasi nzuri zaidi ya kuyatenga. Methali zetu mbili, mtoto wa nyoka ni nyoka na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, huishi pamoja kwa amani kwa sababu katika nyumba ya kawaida aliyemzaa mtoto ndiye anayemlea, na kila methali hupata ushahidi wake bila kuisumbua nyingine. Sarnoff Mednick na wenzake walizikutanisha uso kwa uso mwaka 1984, walipochapisha takwimu za watoto 14,427 walioasiliwa nchini Denmark kati ya 1924 na 1947. Miongoni mwa watoto wa kiume ambao wazazi wao wa kuwazaa na wa kuwaasili hawakuwa na hatia yoyote mahakamani, asilimia 13.5 walitiwa hatiani. Wazazi waliowaasili peke yao walipokuwa na hatia, idadi ilipanda kidogo tu hadi asilimia 14.7. Waliowazaa peke yao walipokuwa na hatia, ilifika asilimia 20, na pande zote mbili zilipokuwa na hatia, asilimia 24.5.

Nyoka ameonekana, ila tuangalie kwa makini ukubwa wake: kwa kila watoto wa kiume 100 waliozaliwa na mzazi mwenye hatia na kulelewa na wasio na hatia, 80 hawakuwahi kutiwa hatiani. Aidha uhusiano na wazazi wa damu ulijitokeza katika makosa ya mali, kama wizi, na haukujitokeza katika makosa ya kutumia nguvu. Anayetaka kueleza mauaji kwa takwimu hizi amechukua ushahidi wa kesi nyingine. Lazima pia aseme kwamba si watoto wote waliohamishwa mara tu walipozaliwa, hivyo baadhi yao waliwahi kuonja malezi ya upande wa kwanza.

Kuhusu kromosomu ya ziada ya Y kwa baadhi ya wanaume, iliyovuma kama chanzo cha ukatili baada ya uchunguzi wa mwaka 1965 katika hospitali ya ulinzi mkali huko Scotland, sitakaa sana. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 1976 uliwapata wanaume 12 tu wenye kromosomu hiyo kati ya wanaume warefu zaidi ya 4,000, na ingawa watano kati yao walikuwa na rekodi ya makosa, makosa yenyewe hayakuwa ya ukatili wa kipekee. Watu 12 hawatoshi kubeba nadharia.

Jeni inayostahili kusomwa kwa utulivu ni ile ya MAOA, iliyoko kwenye kromosomu ya X, ambayo huelekeza utengenezaji wa kimeng'enya kinachovunjavunja serotonini, dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopitisha ujumbe katika ubongo. Mwanamume ana nakala moja tu ya kromosomu hiyo, kwa hiyo nakala ikiharibika hana akiba. Mwaka 1993 Han Brunner na wenzake walieleza familia moja ya Uholanzi ambayo baadhi ya wanaume wake walikuwa na hitilafu iliyokizima kabisa kimeng'enya hicho, na walionyesha hasira za ghafla pamoja na matendo kama kuchoma moto nyumba na kujaribu kubaka. Hitilafu hiyo ni adimu mno, na haielezi uhalifu wa mji wowote. Kilichofungua ukurasa mpya ni kazi ya Avshalom Caspi na Terrie Moffitt ya mwaka 2002 huko Dunedin, New Zealand, ambako watoto 1,037 walikuwa wakifuatiliwa tangu udogoni. Wanaume waliokuwa na aina ya jeni yenye utendaji mdogo na ambao pia waliteswa utotoni walikuwa asilimia 12 ya wanaume wa kundi hilo, lakini walibeba asilimia 44 ya hatia zake za makosa ya kutumia nguvu. Walio na jeni hiyohiyo bila mateso hawakuwa na tatizo hilo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na leo wataalamu wengi huamini kwamba tabia hutokana na jeni nyingi mno, kila moja ikiwa na mchango mdogo. Lakini muundo wa utafiti ule, wa kupima mtoto, nyumba yake, kisha kusubiri miaka, ndio ninaotamani kila mwanafunzi auelewe kabla hajagusa kitu kingine.

Tuhamie kwenye ubongo, ambao una mvuto wa picha. Adrian Raine, Monte Buchsbaum na Lori LaCasse walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wa watu 41 walioshtakiwa kwa mauaji jimboni California na waliokuwa wakijitetea kwa hoja ya ugonjwa wa akili, wakilinganishwa na watu 41 wa umri na jinsia ileile. Kila mmoja alidungwa sindano ya glukosi iliyotiwa chembe za mionzi, kisha akaketi kwa dakika 32 mbele ya kioo kilichoonyesha tarakimu zenye ukungu, akitakiwa kubonyeza kitufe kila aonapo sifuri. Kazi hiyo inachosha kwa makusudi, kwa sababu kinachotafutwa ni uwezo wa kushikilia umakini. Sehemu za ubongo zinazofanya kazi hunywa glukosi nyingi zaidi, na mashine husoma baadaye zilikokwenda chembe hizo. Walioshtakiwa kwa mauaji walionyesha unywaji mdogo katika sehemu ya mbele ya ubongo na katika daraja linaloziunganisha nusu zake mbili, na walikuwa na mlingano usio wa kawaida kati ya kulia na kushoto katika amigdala, kiungo kidogo kinachohusika na hofu. Jambo linalonivutia zaidi, na ambalo vitabu vya mitihani huliruka, ni kwamba katika kubonyeza kitufe hawakufanya vibaya kuliko wenzao. Ubongo ulitofautiana, lakini kazi iliyopimwa ilikuwa sawa.

Sasa tukilete kigezo chetu. Picha hizi zilipigwa baada ya kukamatwa, kwa watu ambao mawakili wao tayari walikuwa na sababu ya kuamini kwamba akili zao zina kasoro, na 23 kati yao walikuwa na historia ya kuumia kichwa. Wanaoua kwa ajira, wanaopanga wizi wa benki na wanaoghushi hati za viwanja hawamo. Watafiti wenyewe walionya kwamba matokeo hayamaanishi kuwa mauaji husababishwa na biolojia peke yake, wala hayawezi kutumiwa kumtambua mwuaji. Onyo hilo linanukuliwa mara chache kuliko picha zenyewe.

Ubongo hata hivyo una ushahidi mmoja wenye mpangilio wa wakati ulio safi kuliko yote niliyokwisha kuyataja, ingawa ni wa mtu mmoja. Mwaka 2003 madaktari wa Virginia, Marekani, walieleza habari za mwalimu wa miaka 40 ambaye ghafla alianza kuwa na tamaa ya kingono kwa watoto. Alikutwa na uvimbe uliokuwa ukikandamiza sehemu ya ubongo iliyo juu ya macho. Uvimbe ulipoondolewa, tamaa ikatoweka. Tamaa iliporudi, uvimbe nao ulikutwa umeota upya, na ulipoondolewa mara ya pili ikatoweka tena. Mfano huo una nguvu kuliko ule wa Phineas Gage, fundi wa reli aliyepenywa fuvu na nondo mwaka 1848, ambaye hutajwa katika kila insha ya uhalifu ilhali hakuwahi kuwa mhalifu. Miaka yake ya baadaye aliipitisha kwa sehemu kubwa nchini Chile akiendesha magari ya abiria ya farasi.

Kundi la tatu, linalosahaulika

Moyo hauna mvuto wa jeni wala wa picha za rangi. Kuupima kunahitaji vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na saa yenye mshale wa sekunde. Lakini hapa ndipo utaratibu wa kupima kabla ya kosa ulipofuatwa kwa uaminifu mkubwa zaidi, na ulifuatwa katika Bahari yetu ya Hindi. Katika miji ya Vacoas na Quatre Bornes kisiwani Mauritius, ambako sehemu ya wakazi ni uzao wa watumwa waliotolewa Afrika Mashariki na Madagaska, watoto 1,795 walianza kuchunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakiwa na umri wa miaka mitatu. Raine, Peter Venables na Mednick walipochapisha matokeo mwaka 1997, watoto waliokuwa na mapigo ya chini wakiwa na miaka mitatu ndio walioelekea zaidi kuwa wagomvi wakiwa na miaka 11. Huko Sweden, uchambuzi wa mwaka 2015 wa wanaume zaidi ya 700,000 waliopimwa walipoitwa jeshini ulikuta kwamba wenye mapigo ya chini kabisa walikuwa na uwezekano wa asilimia 39 zaidi wa kutiwa hatiani kwa makosa ya kutumia nguvu kuliko wenye mapigo ya juu kabisa.

Maelezo ya jambo hili bado yanagombaniwa. Wengine husema kwamba mapigo ya chini ni dalili ya kutoogopa, na asiyeogopa adhabu hafundishiki kwa adhabu. Wengine husema kwamba mwili ulio kimya mno huwa na uchovu fulani, na mwenye mwili huo hutafuta misisimko ili aamke. Zote mbili zina pengo, na kila anayeandika ataje lililo dhahiri: wanariadha wana mapigo ya chini, na wategua mabomu wa jeshi la Uingereza waliopewa nishani walionekana kuwa na mapigo ya chini kuliko wenzao walipopewa zoezi la kuwatia wasiwasi. Mwili uleule unaweza kuvaa sare ya askari au ya mfungwa.

Kilichonifanya nilipende kundi hili ni sura yake ya pili. Baadhi ya watoto wa Mauritius waliwekwa kwa miaka miwili, kati ya umri wa miaka mitatu na mitano, katika shule za awali zilizowapa chakula bora, mazoezi ya mwili na masomo ya kuchangamsha akili. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2003, walipofika miaka 23 waliripoti makosa machache kuliko wenzao wasiopata huduma hiyo, na walipopimwa tabia wakiwa na miaka 17 nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa na dalili za utapiamlo walipokuwa na miaka mitatu: nyufa pembeni mwa midomo, nywele zilizofifia rangi, upungufu wa damu. Dalili hizo kila muuguzi wa kliniki ya watoto katika nchi zetu anazijua, na hazihitaji mashine kuzitambua.

Nani achague nini

Anayejiandaa kwa mtihani na anayehitaji takwimu za kukosoa, achukue jeni. Ndiko kuliko na tarakimu nyingi, na udhaifu wake unaelezeka kwa lugha nyepesi. Asibebe zaidi ya Christiansen, Mednick na Dunedin, na ahakikishe ametofautisha makosa ya mali na ya nguvu.

Mwanafunzi wa sheria atavutwa na ubongo, na kwa sehemu ana haki, lakini ajue anaingia kwenye uwanja ambao sheria imeuliza swali lake kwa namna yake. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya huuliza kama mshtakiwa, kwa ugonjwa unaoathiri akili yake, hakuwa na uwezo wa kuelewa alichokuwa akikifanya au kujua kwamba hakupaswa kukifanya. Kifungu cha 13 cha Tanzania kimejengwa juu ya msingi uleule. Swali hilo linahusu dakika ya tendo, wakati picha ya ubongo hupigwa miezi baadaye na haisemi mtu alielewa nini usiku ule. Jeni nazo zimewahi kufika mahakamani: mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Trieste, Italia, ilipunguza kifungo cha mwuaji mmoja kwa mwaka mmoja ikizingatia, pamoja na mengine, kwamba alikuwa na aina ya MAOA yenye utendaji mdogo. Binafsi naona uamuzi huo haukuwa na msingi wa kutosha, kwa kuwa takwimu za Dunedin huhusu kundi na hazielezi tendo la mtu mmoja.

Anayekwenda kukusanya data yake mwenyewe, au anayefanya kazi na watoto na kutaka maelezo yanayomwachia la kufanya, nampeleka Mauritius bila kusita. Jeni haiondolewi, na mashine ya kupiga picha za ubongo haipo wilayani kwake, lakini chakula cha asubuhi na uwanja wa kuchezea vinaweza kupatikana. Akipima mapigo, amketishe mtoto kwa dakika tano kwanza, asimpime aliyetoka kukimbia wala mwenye homa, aandike uzito na kimo, na apate ridhaa ya mzazi kwa maneno ambayo hayataji uhalifu kama jambo linalomngoja mtoto huyo, kwa kuwa wengi wenye mapigo ya chini hawatamdhuru mtu yeyote. Na daftari lenye majina na tarakimu lisilale ofisini kwa walimu. Siku mtoto wa mapigo 68 atakapovunja dirisha, atakuwapo mtu wa kulifungua daftari hilo.